Silinda Tatu Mteremkoni

Mbeya, 19 Mei 1957

Mjomba Sedekia,

Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni tangu Machi ya mwaka jana. Tulikuwa njiani kutoka Ilembo, wanaume wanne wamembeba dada Yudith kwenye machela, mimi nyuma nimeshika beseni na blanketi la pili. Ukungu ulikuwa umefunga kiasi kwamba sikuiona miguu yangu mwenyewe. Lori la pareto tulikuwa tumelipita limezama hadi ekseli. Ndipo nikausikia. Haukuwa mngurumo wa lori. Ulikuwa mwembamba, wa haraka haraka, kama wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu, mchi wa huyu ukipanda wakati wa yule unashuka, wala haigongani. Ulikuwa unakuja kwetu, unapanda mlima katika tope lile lile lililolishinda lori.

Yaliyofuata nilikuandikia wakati ule. Bwana Mifugo, aliyekuwa ndani ya kile kigari cha Kijerumani, alimteremsha mbwa wake, akamlaza Yudith kwenye kiti cha nyuma, akageuza. Mtoto tulimkosa. Dada yangu nilirudi naye. Daktari alisema tungechelewa saa moja zaidi ningerudi peke yangu.

Mjomba, Yudith ana mimba tena. Anatarajia kujifungua mwisho wa Novemba, mvua zinapoanza. Hasemi kwamba anaogopa. Lakini Jumapili iliyopita nilimkuta anapima machela kwa kamba. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, "Nataka waongeze urefu. Mara ile miguu yangu ilikuwa inaning'inia kama ya mbuzi wa harusi." Akacheka. Mimi sikuweza.

Wanawake wa Ilembo wameweka pamoja pareto yao ya misimu miwili ili kanisa linunue gari la zahanati. Baraza la wazee litakaa Septemba kuamua ni gari gani, au lisinunuliwe kabisa. Isakwisa, karani wa ofisi ya mifugo, ameniambia kwamba yule Bwana amerudi kwao Ulaya, na gari lake limebaki kwa Harilal, kwenye gereji hiyo hiyo unayofanyia kazi. Ni lile lile, lenye injini ya silinda tatu.

Naomba ulikague, kisha uniandikie barua yenye sahihi yako nikaisome mbele ya baraza. Huku milimani neno la Sedekia fundi halina wa kulipinga. Wewe ndiye uliyekaa na baba siku tatu mpaka akakubali nipelekwe shule. Sasa shule hiyo naitumia kukusumbua.

Mpwa wako,
Damari


Iringa, 2 Juni 1957

Mpwa wangu Damari,

Ndaga, asante kwa barua yako. Habari za Yudith zimenifurahisha na zimeninyima raha, vyote pamoja. Mwambie mjomba wake anamwombea.

Kuhusu gari, liacheni. Nakuandikia kama fundi wa miaka kumi na minane, si kama mjomba. Injini ya silinda sita ikizimika moja, zinabaki tano, unafika nyumbani ukilalamika tu. Hii ikizimika moja umebaki na mbili, na mlima wa Ilembo uko mbele yako. Tena hewa ya huko juu ni nyepesi. Injini zote hupungukiwa nguvu, na ndogo kama hii itapumua kama mzee anayepanda ngazi.

Halafu oili yake inachanganywa ndani ya petroli, kama dawa ya mtoto kwenye uji. Siku utakayosahau, basi. Inatoa moshi. Kalinga, Mhehe tunayefanya naye kazi, anasema ikiwashwa uani kuku wa Harilal wanakohoa na mayai yananuka lami. Ikiwa imesimama inatetemeka kama ina homa. Na plagi zake zinachafuka upesi, kila mara uzitoe uzisugue.

Hayo yote ningeweza kuyavumilia. Lililobaki siwezi. Mwezi wa Aprili gari hilo liliteremka Kitonga. Aliyekuwa akiendesha ni mtu mzoefu, mwangalifu, hakukimbia hata kidogo. Karibu na mwisho wa mteremko, kabla ya kufika Ruaha Mbuyuni, injini ikashikana ghafla, magurudumu ya mbele yakafunga, gari likaenda upande mpaka majanini. Hakuna aliyeumia. Lilirudishwa huku limefungwa kamba nyuma ya lori la vitunguu.

Injini inayokufa mikononi mwa mtu mwangalifu haifai kumpakia Yudith. Watafutieni gari la silinda nne, hata likiwa kuukuu. Barua ya kusifu siwezi kuiandika.

Mjomba wako,
Sedekia


Mbeya, 16 Juni 1957

Mjomba,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ulivyotaka. Siyo kwamba nakudharau. Nataka kuelewa, na nikishaanza kutaka kuelewa sijui kuacha.

Isakwisa amenipatia kitabu cha gari hilo. Bwana Mifugo alikisahau kwenye saraka ya meza yake. Kimeandikwa kwa Kiingereza, nimekisoma mwanzo hadi mwisho nikiwa na penseli. Nimehesabu vitu vinavyotembea ndani ya injini: pistoni tatu, mikono yake mitatu, na krenki moja. Saba. Haina valvu, haina pampu ya oili, haina hata pampu ya maji, maji yenyewe yanapanda yakipata moto na kushuka yakipoa. Kisichokuwepo hakiharibiki. Injini mlizozizoea, kila silinda hutoa nguvu mara moja katika mizunguko miwili. Hii hutoa kila mzunguko. Kwa hiyo tatu zinafanya kazi ya sita, bila uzito wa sita. Tena uzito wote uko juu ya magurudumu ya mbele, nayo ndiyo yanayovuta. Sasa najua kwa nini lilipanda tope lililolishinda lori. Siku ile nilidhani ni muujiza.

Habari ya silinda moja kuzimika, umesema kweli, na hewa ya mlimani ni kweli. Lakini kila silinda ina koili yake ya umeme, moja ikifa haiui nyingine. Kuhusu moshi, kuku wa Harilal na wakohoe.

Kilichonishughulisha ni Kitonga. Kwa nini injini ife inateremka, wakati haivuti kitu? Nimekaa na swali hilo wiki nzima, hata darasani. Wanafunzi wangu walimaliza hesabu zao wakanitazama tu.

Jibu liko ukurasa wa kumi na tisa. Injini hii haina oili inayokaa chini yake kama nyingine. Oili huja pamoja na petroli, basi. Ukiondoa mguu kwenye petroli umeinyima na oili. Waliolitengeneza walilijua hilo, wakaweka friwili, kama ya baiskeli. Ukiacha kukanyaga, injini inajitenga na magurudumu na kuzunguka polepole, huku gari likiteleza lenyewe. Lakini chini ya dashibodi kuna kishikio cha kuifunga friwili hiyo. Kikifungwa, mlima ndio unaoizungusha injini, kwa kasi, nayo ni kavu.

Dereva huyo alikifunga, Mjomba. Akaweka gia ya chini, akaondoa mguu, akateremka maili zote zile akijisifu kwa uangalifu wake. Injini haikufa yenyewe. Aliiua yeye. Mtu anayepewa gari asilolijua, na kitabu chake kipo duniani, asikitafute, ni mpumbavu, hata awe ameshika usukani tangu vita ya Wajerumani. Na kwa ajili ya mtu huyo mnataka dada yangu arudi kwenye machela.

Niambie jina lake nimwandikie.

Damari


Mbeya, 14 Julai 1957

Mjomba,

Wiki nne sasa. Posta wanasema barua yangu ilifika, mabasi hayajakatika. Kama unaumwa, mwambie Kalinga aniandikie japo mstari mmoja.

Mtoto ameanza kucheza. Yudith aliuweka mkono wangu tumboni mwake, akasema, "Huyu anapiga breki."

Kwa kuwa hunijibu nimemwandikia Harilal mwenyewe, nimemwuliza gari liko katika hali gani na nani alikuwa akiliendesha Aprili. Usikasirike. Septemba haiko mbali.

Damari


Iringa, 22 Julai 1957

Bibi Mwalimu Damari,

Salaam. Barua yako nimepata. Swahili yangu ni ya dukani, utanisamehe.

Umeuliza gari iko namna gani. Gari nzima, bodi nzuri, mpira mzuri. Injini iko vipande vipande juu ya meza ya mjomba wako. Kila Jumamosi mchana, watu wakienda nyumbani, yeye anabaki anasugua silinda. Mimi sikumwambia afanye. Nilisema auze chuma. Yeye akasema hapana. Pistoni mpya tumeagiza Dar es Salaam, zinakuja na meli.

Umeuliza nani aliendesha. Mimi nashangaa hakukwambia. Aliendesha yeye. Mimi nilikaa kando yake, tulikuwa tunakwenda Ruaha Mbuyuni kutazama pampu ya maji ya shamba moja. Alishuka Kitonga kama amebeba mayai. Nikamwambia, "Sedekia, enda kidogo, hivi tutafika Diwali." Akanijibu, "Bwana Harilal, Kitonga haichezewi." Basi injini ikapiga kelele mara moja tu, ikanyamaza.

Mimi sisemi ni kosa lake. Mimi ningeshuka hivyo hivyo. Kalinga pia.

Lakini tangu barua yako moja ilipokuja mwezi wa sita, yeye haimbi tena kazini. Zamani aliimba nyimbo za kanisa mpaka wateja wanauliza kama leo Jumapili. Sijui uliandika nini. Barua hiyo iko ndani ya sanduku lake la spana, nimeona.

Gari sitauza kwa mtu mwingine mpaka wewe useme.

Wako,
Harilal


Mbeya, 28 Julai 1957

Mjomba wangu,

Harilal ameniambia.

Niliyoyaandika Juni nayakumbuka neno kwa neno, ndivyo nilivyo. Neno mpumbavu nalifuta. Lile la kujisifu nalifuta pia, sikuwepo, sikuwa na haki. Naona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Lakini sababu yenyewe siifuti, Mjomba, kwa kuwa ni kweli, nawe unajua ni kweli, ndiyo maana hukujibu.

Nimetembea na jambo hili siku nne. Ungekuwa umelewa, au umekimbia, ningekasirika na kupona. Ulifanya kila kitu ambacho kila mtu husifiwa kwa kukifanya pale Kitonga. Gia ya chini, mguu juu, polepole. Mguu wako ulikuwa sawa kwa magari yote uliyowahi kuyaendesha isipokuwa hili. Hilo linaniogopesha kuliko pistoni.

Kwa hiyo sitaki barua ya kusifu tena. Niandikie kilichotokea kama kilivyotokea. Na uniambie, wewe uliyeisikia ikishikana, kama kuna njia ya kumteremsha mtu salama ndani ya gari hilo. Ukisema hakuna, nitakwenda kwa baraza niseme hakuna.

Mpwa wako anayeomba radhi,
Damari


Iringa, 25 Agosti 1957

Damari,

Radhi nimekupa siku ile ile. Nilichelewa kuandika kwa sababu nilitaka nikuandikie jambo nililoliona kwa macho.

Nilipata barua yako ya Juni saa nne, nikaisoma nimesimama. Nilipofika pale ulipotaja ukurasa wa kumi na tisa nilikaa chini. Miezi miwili nilikuwa najiambia injini hii ni mbovu, silinda tatu ni mchezo wa Wazungu. Nilikuandikia hivyo nikiamini nusu. Nusu nyingine nilikuwa nakimbia. Kitabu sikukitafuta. Nilikiona kishikio, nikadhani kimewekwa kwa ajili ya milima. Mtu aliyeteremka Kitonga na lori la tani tano mara mia mbili hawezi kuliacha gari liteleze kama baiskeli. Mkono wenyewe ulikwenda ukakifunga.

Pistoni zilikuja tarehe 6. Nimeifunga injini, na Jumamosi mbili hizi nimerudi Kitonga nayo mara tatu. Harilal alikataa kupanda. Kalinga alipanda, ila alimpa kwanza mkewe saa yake ya mkononi.

Mara ya kwanza niliiacha friwili wazi, kama kitabu kinavyosema. Injini ilikaa vizuri, lakini breki zilipata moto mpaka nikanusa. Tulisimama katikati ya mteremko robo saa nzima zipoe. Mwenye uchungu wa kuzaa hana robo saa. Mara ya pili na ya tatu niliifunga, nikaweka gia ya pili, na kila nikihesabu kumi nikaigusa petroli kidogo, mguu unashuka na kurudi. Kama unavyompa mgonjwa maji kwa kijiko. Chini nikasimama, nikatoa plagi zote tatu. Zina unyevu wa oili. Injini ni nzima.

Basi sikia neno langu lote. Ni injini nzuri ya kupanda, nzuri ya tope, rahisi kuitengeneza kuliko zote nilizozigusa, siku moja tu naifungua na kuifunga. Ina kiu, ina moshi, na mteremkoni haikusamehe. Oili ni painti moja kwa kila debe la petroli. Kwenu hakuna pampu, petroli yote inapanda na madebe, kwa hiyo changanyeni mara debe linapofika, asikae mtu na petroli tupu. Hapa mjini ningeogopa mtu mwema akitujazia tangi petroli isiyo na oili. Kwenu hakuna mtu mwema wa namna hiyo.

Nimeambatanisha barua ya baraza, yenye hayo yote na sahihi yangu. Nakuomba jambo moja. Wakikuuliza nani aliiharibu mara ya kwanza, sema dereva wa kukodi. Mashine ya kusaga ya Ilembo niliitengeneza mimi. Watoto wa huko wameitwa kwa jina langu. Nimebakiza hilo tu, kule nyumbani.

Mjomba wako,
Sedekia


Mbeya, 10 Septemba 1957

Mjomba,

Baraza lilikaa Jumamosi, kanisani, wazee mbele na wanawake kwenye mabenchi ya nyuma. Nilisoma barua yako yote, hata kiu na moshi. Waliipenda. Mzee Eliezeri, mwenyekiti, alitingisha kichwa kila nilipotaja jina lako. Jailos, anayeendesha lori la pareto, alikuwa amekaa mstari wa kwanza amevaa koti, kila mtu akijua kwamba likija gari dereva ni yeye.

Kisha Mzee Eliezeri akauliza, "Hapa pameandikwa pistoni mpya. Za zamani zilikwenda wapi?"

"Ziliungua Aprili, Mzee. Injini ilishikana Kitonga."

"Nani alikuwa usukani?"

Hapo ndipo ulipotaka niseme dereva wa kukodi. Nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo, neno lilikuwa mdomoni. Nikamtazama Jailos. Alikuwa amekwisha anza kutabasamu, lile tabasamu la mtu anayengoja kusikia upumbavu wa mwingine. Nikaona jambo lote lilivyo. Nikisema dereva wa kukodi, kila mwanamume aliyemo humu atajua kwamba yeye si dereva wa kukodi. Atakwenda nyumbani ametulia. Siku ya mvua atakifunga kishikio, ataondoa mguu, na Yudith atakuwa kiti cha nyuma.

Nikasema, "Mjomba wangu Sedekia."

Mzee akavua miwani. "Sedekia yupi?"

"Sedekia fundi. Ndugu yake mama. Aliyetengeneza mashine yenu ya kusaga."

Mzee Eliezeri akasema, "Kama Sedekia ameiua, sisi tutaiua kabla haijavuka daraja." Watu wakacheka, lakini kicheko cha kutafuta pa kushika.

Jailos akasimama. "Mzee, mimi njia hii ya Ilembo naijua nikiwa nimefumba macho."

Nikamwuliza, "Kaka Jailos, ukishuka unaweka gia ya ngapi?"

"Ya pili. Mguu juu. Hata mtoto anajua."

"Mjomba alifanya hivyo hivyo. Gia ya pili, mguu juu."

Akakaa. Hakutabasamu tena, na sidhani alinichukia. Aliutazama mguu wake.

Nikawaeleza habari ya oili na ya kuhesabu kumi, nikitumia baiskeli ya mwinjilisti iliyokuwa mlangoni. Nilipomaliza, mama yake Saulo, yule bibi anayezalisha wanawake wa Ilembo, akasema kutoka nyuma, bila kusimama, "Mimi nimeelewa hivi. Aliyezoea ndiye atakayeliua. Basi tafuteni asiyezoea."

"Asiyezoea ni nani, mama?" Mzee akauliza. "Asiyezoea hajui kuendesha."

"Si atafundishwa? Mguu ambao haujajifunza kitu haujajifunza na ubaya."

Wakaanza kutafuta. Mmoja alikosa kwa macho, mwingine kwa kilevi, mwingine hajui kuhesabu bila vidole, naye anavihitaji kwenye usukani. Mimi nilikuwa nimelijua jibu tangu Jailos alipoutazama mguu wake, nikawa nangoja tu moyo wangu ufike pale nilipokwisha fika mimi. Nikasema, "Mimi."

Mzee Eliezeri akasema mwanamke akishika usukani watu watasema. Mama yake Saulo akamjibu, "Watasema sisi tukiwa tumekwisha fika hospitali." Yudith alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na kwa mbali sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nilipomkaribia alikuwa anafanya yote mawili.

Wamekubali. Gari litakaa Ilembo, kwenye uwanja wa zahanati, na mimi nitakaa palipo gari. Mwinjilisti ameandika kwenye daftari la baraza kwamba petroli isiyochanganywa haitalala Ilembo.

Mjomba, ulinibakishia ombi moja nami nimelivunja mbele ya watu themanini. Sikukuuliza kwanza, maana ungekataa, na ungekuwa na haki. Baada ya kikao Mzee Eliezeri alinishika mkono, akasema nikuambie kwamba mashine ya kusaga bado inasaga. Sijui kama hilo litakutosha. Ukinikasirikia, kasirika, ila unifundishe. Nitafika Iringa kwa basi la Jumatano, tarehe 2 Oktoba. Nataka nishuke Kitonga kwa mguu wangu mara kumi kabla sijapewa Yudith, na wewe ukae kando yangu, na hesabu niihesabu kwa sauti.

Najua pia siku zile tatu ulizokaa na baba hukuzikaa ili niwe dereva. Barua ya kuacha kazi nilimkabidhi mwalimu mkuu jana asubuhi. Aliisoma amesimama, akaniuliza kama nimefikiri vya kutosha. Nikamrudishia funguo za kabati la darasa la sita, naye akazipokea.

Mpwa wako,
Damari